Walikuwepo kabla ya 1870

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza: "Mama, ukoo wa baba naufuata kwenye sensa hadi 1870, halafu watu wote wanapotea. Walikuwa wapi? Na hili jina la ukoo ninalompa mtoto wangu, ni la mtu aliyewamiliki?" Baba yako angekuwa hai angekujibu vizuri kuliko mimi, lakini nilikaa naye kwenye kazi hiyo miaka mingi, na daftari lake ninalo hapa mezani.

Hawakupotea. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza Marekani kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 ziliwaweka kwenye karatasi za peke yake: jina la bwana aliyewamiliki, kisha mstari baada ya mstari wa umri, jinsia na rangi. Majina hakuna. Yule ambaye wewe ni kilembwe wake alikuwa na miaka 15 mwaka 1870, kwa hiyo 1860 alikuwa mtoto wa miaka mitano. Baba yako alipekua karatasi hizo za mashamba ya eneo lile akakuta wavulana saba wa umri huo. Akaniambia, "Mmoja wao ni wangu, lakini siwezi kumchagua." Hakumchagua. Nawe usimchague kwa kubahatisha, maana ukikosea hapo utakuwa unalilia wazee wa watu wengine.

Jambo moja lilitupotezea kiangazi kizima, nalo nakuambia mapema. Tulikuwa tunatafuta karatasi za Hale County (wilaya ya Hale), Alabama, za kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na wakati huo Hale haikuwepo. Ilianzishwa 1867 kwa kumega wilaya za Greene, Marengo, Perry na Tuscaloosa. Watu walikaa palepale, mipaka ndiyo iliyohama. Kwa hiyo mirathi na hati za ardhi za zamani kaziulize Eutaw, kwenye mahakama ya Greene. Kwenye mirathi ndiko utakapoona majina ya kwanza ya watumwa yameandikwa na bei pembeni. Siku utakayofungua karatasi hizo usiwe peke yako.

Sasa nikuambie lililonifunga mimi kwenye kazi hii. Karatasi za sensa ya 1890 karibu zote zilipotea kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921. Kwa hiyo kutoka 1880 unaruka hadi 1900, na mtoto aliyezaliwa na kufa ndani ya miaka hiyo 20 hana mstari wake popote. Lakini karani wa 1900 aliwauliza wanawake: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Bibi yake babu yako alijibu 11, hai 7. Niliyasoma hayo maktabani, kwenye filamu yenye picha za karatasi za sensa, nikiwa na mimba yako ya miezi sita. Nikazima mashine, nikatoka nje.

Mwezi uliofuata tulikwenda Alabama, na mama mkwe wangu akanipeleka makaburini, nyuma ya kanisa. Hukuwahi kumjua bibi yako akiwa na nguvu. Siku ile alikuwa mbele yangu, anachapa majani kwa fimbo kutisha nyoka. Ukipita mawe ya saruji ambayo watu walijifinyangia wenyewe, wakaandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, unafika chini ya mierezi. Pale hakuna maandishi. Kuna mabonde madogo ardhini yamelala mashariki na magharibi, kila moja lina jiwe la shambani upande wa kichwa, na juu yake mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu, ule walioupanda kwenye makaburi kote huko. Akanionyesha mabonde mafupi, urefu wa mkono wangu au kuzidi kidogo. "Hawa ni wa nyumba yetu," akasema. "Mama mkwe wangu alinionyesha, nami nakuonyesha." Nikahesabu. Yalikuwa manne.

Sikuwa nimemwambia ile hesabu ya sensa.

Basi ukienda makaburini usitazame jiwe moja ukaondoka. Andika nani kalala kando ya nani, maana majirani wa kaburini ndio majirani wa sensa, na mara nyingi ndio wakwe. Piga picha asubuhi au jioni jua likiwa chini, herufi zilizolika zinasomeka. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya wala dawa ya kung'arishia nguo.

Kanisani utashangaa kama mimi. Kwetu Magila, Tanga, kwa Waanglikana, mtoto anabatizwa mchanga na majina ya wazazi yanaingia kitabuni. Kanisa la kina baba yako ni la Wabaptisti, nao hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo kitabu hicho usikitafute. Tafuta kumbukumbu za vikao vya makanisa ya wazungu kabla ya vita, kwa sababu watumwa walikuwa waumini humo. Wanatajwa kwa jina la kwanza na kwamba ni "wa" bwana fulani. Vitabu vingi vya namna hiyo vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Samford, Birmingham. Humo baba yako alimkuta mwanamke mwenye jina la mama wa yule kijana wa miaka 15, na kwenye ukurasa huohuo majina mawili ya majirani wao wa 1870. Na bwana aliyetajwa hapo hana jina la ukoo wetu.

Ndipo nifike kwenye swali lako la pili. Wengine walibaki na jina la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani zaidi, wengine la baba aliyeuzwa mbali, wengine walijichagulia. Mwaka 1867, kwa sheria ya Bunge la Marekani, wanaume weusi wa Alabama walikwenda kujiandikisha kupiga kura, na orodha hizo ziko kwenye nyaraka za jimbo, Montgomery. Baba wa yule kijana yumo. Miaka miwili baada ya utumwa alisimama mbele ya karani akaulizwa anaitwa nani, akataja majina yote mawili. Karani ameacha herufi moja, lakini jina ni hilihili. Mpe mtoto wako bila wasiwasi.

Mwezi wa nane kanisa lile huwa na siku ya kurudi nyumbani, waliohamia Chicago na Detroit wanakuja kula pamoja na kusafisha makaburi. Nenda na mtoto. Msalimie kwanza shangazi yako mkubwa, keti naye, simu uiweke mfukoni mpaka yeye mwenyewe aanze habari. Wasifu wa marehemu uliochapwa kwenye misiba tangu miaka ya 1950 nimeuweka kwenye kasha la bati, chini ya kanga zangu. Humo wametajwa ndugu ambao baba yako hakuwahi kuwafuatilia. Nimewawekea alama ya penseli. Waulizie hao.

Mama yako