Saa ya mwili, kucha na kutwa, na neno "majira"

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kadutu, Bukavu. Nimeombwa nieleze kwa Kiswahili, katika kipindi cha afya cha redio, utafiti wa jenetiki kuhusu kile ambacho vitabu vyetu vya Kifaransa hukiita *horloge circadienne* ya mamalia, ile saa iliyo ndani ya mwili inayopanga nyakati za kulala na kuamka. Nimeandika hivi: "Jeni ya saa iko ndani ya kiini na inaamuru mamalia kulala kila masaa 24." Mwenzangu mmoja anataka niseme "saa ya kibiolojia", mwingine "saa sirkadiani", na mama yangu, aliyekulia Uvira, anasema wazee wao wangesema "kucha na kutwa" na kila mtu angeelewa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mama yako ndiye aliyekaribia zaidi, Mwalimu, ingawa neno lake nalo lina kasoro ambayo katika somo hili haiwezi kufumbiwa macho.

Tuanze na neno lenyewe, *circadienne*, kwa Kiingereza *circadian*. Mwanasayansi Franz Halberg aliliunda mwaka 1959 kwa maneno mawili ya Kilatini, *circa*, yaani karibu na, na *dies*, yaani siku. Uzito wote uko katika lile "karibu na". Mwaka 1999 Charles Czeisler na wenzake huko Marekani walichapisha vipimo vya watu waliokaa katika vyumba visivyo na saa wala jua, chini ya taa hafifu, na ikaonekana kwamba saa iliyo ndani ya mwili wa binadamu huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika 11 hivi. Dakika hizo 11 ndizo ushahidi, kwa sababu saa ambayo ingeiga jua tu isingepishana nalo hata kidogo. Kwa hiyo tafsiri yoyote inayosema "mzunguko wa siku" bila "karibu" au "takriban" imetupa nusu ya neno, tena nusu iliyo muhimu zaidi.

"Kucha na kutwa" ni maneno mazuri ya Kiswahili, na bado yako hai tunaposema mchana kutwa na usiku kucha, au tunapoamshana kwa "kumekucha". Lakini kinachokucha na kutwa ni ulimwengu wa nje. Mnyama akifungiwa gizani siku kumi, kwake hakukuchi wala hakutwi, na hata hivyo huamka, hula na hulala kwa mpango ule ule, akipishana na jua kidogo kidogo kila siku. Kuiita saa hiyo "saa ya kucha na kutwa" ni kumpa msikilizaji wazo kwamba jua ndilo linaloiendesha, na hilo ndilo kosa ambalo utafiti wote huu ulikuja kulisahihisha.

Kuhusu wenzako, "saa ya kibiolojia" si kosa, ila ni pana mno, kwa kuwa viumbe wana mizunguko mingine pia, ya mwezi na ya mwaka. "Saa sirkadiani" inafaa katika tasnifu, lakini msikilizaji aliye sokoni hataambulia kitu. Ushauri wangu ni kwamba redioni useme "saa ya mwili", ukiongeza mara ya kwanza maneno "inayozunguka kwa muda wa karibu siku moja", na darasani uandike "mzunguko wa takriban siku".

Sasa nije kwenye sentensi yako, ambayo imenifurahisha kwa sababu makosa yake ni ya watu wanaofikiri kwa Kifaransa wakaandika kwa Kiswahili, nami mwenyewe huyafanya.

Neno "saa" kwanza. Tazama sentensi hii ambayo kila msafiri wa hapa anaielewa: saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Bukavu kwa saa moja, kwa hiyo ukifika rekebisha saa yako. Neno moja limebeba wakati rasmi wa mji, kipimo cha muda na chombo cha mkononi, na sasa wewe unaliongezea maana ya nne, iliyo ndani ya ubongo. Ndiyo maana watu hukimbilia "masaa". Wataalamu wa Kiswahili sanifu huukataa wingi huo na kutaka "saa 24", nami katika maandishi huwafuata, lakini siwezi kujifanya sisikii kwamba Bukavu nzima husema "masaa" pale inapomaanisha muda. Njia salama ni kuweka neno "muda": muda wa saa 20. Usipoliweka, mtu wa kwetu aliyezoea kuhesabu saa kwa namna ya Kifaransa, ambaye adhuhuri kwake ni saa kumi na mbili na si saa sita kama ilivyo Mombasa, atadhani unamtajia saa ya jioni.

Mfano huo wa saa 20 sikuuchukua hewani. Mwaka 1988 Martin Ralph na Michael Menaker walimwona hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ambaye gizani alizunguka kwa muda wa saa 22 hivi badala ya 24. Walipomzalisha, watoto waliorithi badiliko hilo kutoka kwa wazazi wote wawili walizunguka kwa muda wa saa 20. Mwaka 1990 walihamisha kipande cha ubongo kutoka kwa hamsta wa namna moja hadi kwa mwingine ambaye saa yake ilikuwa imeharibiwa, na aliyepokea akaanza kwenda kwa muda wa yule aliyetoa. Kiswahili kina usemi tayari kwa jambo hili, kwani tunasema saa inakwenda mbele au saa inachelewa. Hamsta yule alikuwa na saa inayokwenda mbele, na hakuna haja ya kutunga msamiati.

"Iko ndani ya kiini" ni mtego mkubwa zaidi. Kifaransa husema *noyau* kwa vitu viwili: kiini cha seli, ambamo jeni zimo, na pia rundo la seli za neva lililo mahali pamoja ndani ya ubongo. Kitabu chako bila shaka kilizungumzia la pili, lile fungu lililoko juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho hupishana, ambalo lina seli zipatazo 20,000. Wewe umeandika "kiini", na mwanafunzi atafikiri kiini cha seli. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata hivyo hatakuwa amekosea kabisa. Ndani ya kila seli, protini mbili, CLOCK na BMAL1, huziwasha jeni za Per na Cry. Jeni hizo huleta protini zao, protini huongezeka polepole, huungana, huingia kwenye kiini cha seli na kuzizuia CLOCK na BMAL1. Walioitwa wanafika na kumziba mdomo aliyewaita. Kisha protini hizo huoza, kizuizi huondoka, na mzunguko mzima, uliochukua karibu siku moja, huanza upya. Kwa hiyo viini viwili vinahusika katika habari moja, na ukitumia neno moja kwa vyote viwili msikilizaji atapotea. Sema "kiini cha seli" kwa cha kwanza, na "fungu la seli za neva" kwa cha pili.

Umeandika pia "jeni ya saa", kana kwamba ni moja. Naelewa chanzo chake. Mwaka 1994 kundi la Joseph Takahashi, katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, lilitangaza badiliko katika panya lililoifanya saa yake izunguke kwa muda wa saa 27 hadi 28 gizani, kabla ya mpangilio kupotea, na jeni husika, iliyotambuliwa mwaka 1997, ikaitwa Clock. Jina hilo ni jina la pekee na halitafsiriwi: tunasema "jeni ya Clock", kama tunavyosema mji wa Goma. Lakini jeni za saa ni nyingi, kwa hiyo ngeli iwe ya wingi: jeni hizi, jeni zinazopokezana. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba panya aliyekosa jeni ya Cry1 saa yake ilikwenda mbele, aliyekosa Cry2 ilichelewa, na aliyekosa zote mbili, akiwa gizani, aliamka na kulala ovyo. Huyo wa tatu usimwambie msikilizaji kwamba saa yake "imekufa", kwa maana panya bado anaamka na bado analala. Wazee wa pwani walisema "saa hii haina majira", yaani inakwenda lakini haiaminiki, na sijaona maelezo bora zaidi ya panya yule.

"Inaamuru mamalia kulala" ina makosa mawili. La sarufi ni dogo: baada ya kuamuru, Kiswahili hutaka "walale", na "kulala" hapo ni Kifaransa kilichovaa kitenge. La maana ni kubwa. Saa ile ile humwamsha panya usiku na kumlaza mchana, hali sisi hutufanyia kinyume, kwa hiyo haiamuru usingizi bali hupanga nyakati. Hili linaonekana vizuri katika familia moja ya Marekani ambayo watu wake kadhaa, kizazi baada ya kizazi, husinzia jioni mapema na kuamka alfajiri mno. Mwaka 2001 Ying-Hui Fu, Louis Ptáček na wenzao walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko moja katika jeni ya PER2. Watu hao hulala muda wa kawaida, ila muda huo wote huanza na kuisha mapema. Wenye badiliko la namna hiyo hulala yapata saa moja na nusu usiku, ambayo wengi wetu hapa tungeiandika 19h30, na huamka saa kumi na nusu alfajiri. Redioni usitaje tarakimu pekee. Sema "saa moja na nusu hivi baada ya jua kutua", kwa kuwa hapa jua hutua karibu na wakati ule ule mwaka mzima, na hakuna atakayekuuliza unahesabu kwa Kifaransa au kwa kipwani.

Limebaki tendo ambalo hukulitaja na ambalo lazima ulitaje, kwa sababu bila hilo dakika zile 11 zingetupotosha hadi tukawa macho usiku na kusinzia mchana. Kila siku mwanga huingia machoni, hufika kwenye fungu lile la seli na kuirudisha saa mahali pake. Vitabu vya Kifaransa huliita *synchronisation*, na nimeona watu wakiandika "sinkronizasyo". Hakuna haja. Kiswahili husema kutia saa majira, maana yake kuirekebisha ili iende na wakati wa kweli, na mtu aliyetoka Bukavu akafika Kinshasa hufanya hivyo kwa saa ya mkononi katika sekunde chache, wakati saa ya mwili hungoja jua la kule liitie majira.

Sentensi yako basi naiandika hivi, uipunguze upendavyo: "Katika mamalia, saa ya mwili huzunguka kwa muda wa karibu siku moja, ikiendeshwa na jeni kadhaa zinazopokezana ndani ya kiini cha kila seli; fungu dogo la seli za neva ubongoni huzilinganisha saa hizo zote, na mwanga wa jua hulitia fungu hilo majira kila kunapokucha." Hapo mwishoni, kama unavyoona, neno la mama yako limepata mahali pake.