Picha ya simu haitoshi: kwa nini bado twakausha mimea

Ndugu uliyeuliza kuna haja gani ya kubana matawi kwenye magazeti zama hizi za kamera, nitakujibu kwa mikoko ya hapa Tudor, Mombasa, ambako nimekuwa nikiwasaidia watafiti kukusanya mimea.

Tazama aina mbili za miti hiyo, mkoko wenyewe na muia. Ukipita na mashua, yote ni miti ya majani mazito yanayong'aa, na picha yako itaonyesha hivyo tu. Kata kitawi chenye ua uone. Ua la mkoko lina sepali nne (vijani vya nje vinavyolishika ua); la muia mara nyingi ni jekundu, na sepali zake ni kumi au zaidi. Geuza jani la mkoko: chini lina vidoadoa vyeusi, na nchani kuna kijimwiba. Kitawi kikikaushwa vizuri, mtu atakayezaliwa miaka 100 ijayo ataweza kukipima, kukitia chini ya hadubini, hata kutoa DNA kwenye jani lake.

Mombasa kukausha ni kazi kwelikweli. Hewa ya bahari ina unyevu, jani la mkoko ni nene, na ukiacha gazeti lile lile utakuta ukungu. Badilisha magazeti kila siku, tia kadibodi katikati hewa ipite, kaza mbao za kubania kwa mikanda. Kikishakauka, kigandishwe kwenye friza wadudu wafe, ndipo kiingie kabatini.

Lebo ndiyo ninayoipigania zaidi. Andika tarehe, mahali hasa, urefu wa mti, udongo, rangi ya ua (hupotea likikauka), na jina wanaloliita wenyeji. Wavuvi na wakata boriti wanaijua mikoko kwa majina yake: mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi. Waulize, uandike walivyotamka.

Pwani yetu ina mfano unaoniuma. Mwaka 1977, hapa Kenya, kilikusanywa kielelezo (kitawi cha kukausha na kuhifadhi) cha mti mmoja wa aina ambayo sasa yaitwa Karomia gigas. Baadaye mti ule ukakatwa. Aina hiyo ilionekana tena Tanzania mwaka 1993, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaipata upya mwaka 2011. Kilichowezesha kuitambua ni vielelezo vilivyohifadhiwa. Bila hivyo, mti wa Kenya ungetoweka na jina lake.

Sasa ukitaka kuanza: vielelezo vya kanda yetu hutunzwa Hebariamu ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, chini ya Makumbusho ya Taifa. Utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na msitu wa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) hauingiliki bila idhini ya wazee wake. Ukikuta mmea uko mmoja tu, usiung'oe. Piga picha ya ua, tunda na upande wa chini wa jani, andika mahali ulipo, kisha wajulishe watu wa makumbusho waje wenyewe.