Fataki, maboga na giza la mapema: kulea mtoto mwenye usonji Uingereza

Majani yakianza kupukutika, wazazi wenzangu wa huku Uingereza huanza kunipigia simu: "Dada, mwaka huu tufanyeje na fataki?" Basi nijibu kwa wote. Mwanangu ana miaka tisa, ana usonji (autism), maneno yake ni machache, na anayapenda sana majira haya. Anayapenda kwa sababu tumechukua yale yanayompendeza, mengine tumewaachia wenyewe.

Fataki ndizo zinazoumiza vichwa zaidi. Usiku wenyewe ni 5 Novemba, Waingereza wanapokumbuka njama ya kulipua Bunge mwaka 1605, lakini usijiandae kwa tarehe hiyo peke yake. Maduka ya kawaida yanaruhusiwa kuuza fataki kuanzia 15 Oktoba hadi 10 Novemba, na mara nyingi Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nayo huangukia humo humo, kwa hiyo milio inaweza kuanza jioni yoyote. Hapa England sheria inataka zikome saa tano usiku, ila tarehe 5 ni hadi saa sita. Kiwango cha juu cha mlio wa fataki za dukani ni desibeli 120. Kwa mtoto anayekerwa hata na mngurumo wa friji, hayo ni mateso.

Sisi huanza mapema. Tunamwekea video ya fataki bila sauti, kisha siku zinavyokwenda tunaongeza sauti kidogo kidogo, na rimoti anashika yeye. Hapo kwenye rimoti msipapuuze: mtoto akijua anaweza kuinyamazisha sauti, hofu inapungua nusu. Usiku ukifika hatwendi uwanjani kwenye maonyesho ya fataki. Tunazima taa ya chumba cha juu, anavaa vizuia kelele vyake masikioni, anaegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Rangi zikipasuka angani anachezesha vidole haraka haraka mbele ya macho, na mimi mama yake najua hiyo ni furaha. Ndugu wakisema tunamnyima mtoto sherehe, nawaambia waje wamtazame uso.

Vile vijiti vya cheche wanavyoshika watoto mkononi, mimi sivitaki. Joto lake linaweza kufika nyuzi 2,000, na mtoto asiyeelewa "usiguse" hukimbilia kushika palepale panapong'aa. Mpe tochi. Saa kumi na nusu jioni jua linatua, kwa hiyo mchezo wa tochi bustanini unawezekana kabla hata ya chakula cha usiku.

Hilo giza nalo lina kazi yake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na mtoto anayeishi kwa ratiba atakuamsha alfajiri. Siku sita kabla, anza kuchelewesha muda wa kulala dakika kumi kila siku.

Maboga, ambayo huku huchongwa kwa ajili ya Halloween (usiku wa 31 Oktoba, watoto wanapovaa vinyago na kubisha hodi nyumba kwa nyumba kuomba peremende), ni raha tupu. Nenda kuyachagua shambani siku ya kazi asubuhi, kabla likizo ya katikati ya muhula haijaanza kama shule itakuruhusu, la sivyo wahi pakifunguliwa tu. Wangu hagusi utelezi wa ndani ya boga, hivyo tunalipaka rangi likiwa zima. Jingine dogo la kupikia nalipika kwa nazi. Yale makubwa ya kuchonga yana majimaji, hayana utamu.

Kama familia yenu inashiriki Halloween (wengine kwa sababu za dini hawashiriki, na ni haki yao), ongea na majirani wawili au watatu mnaofahamiana. Wapelekee peremende au kitu anachokula mwanao, wampe atakapobisha hodi. Mtengenezee kadi ya kuonyesha: "Siongei, lakini asante sana." Kinyago cha usoni si lazima, fulana anayoipenda inatosha. Nyumba tatu zikitosha, rudini nyumbani.

Ule utepe wa kijani wa kuvaa shingoni wenye maua ya alizeti, ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kwa watu wenye ulemavu usioonekana, utafuteni. Wahudumu wa sehemu nyingi wanautambua.

Na msiwasahau ndugu zake. Binti yangu anataka moto mkubwa, umati na kelele zote, kwa hiyo tarehe 5 baba yake anakwenda naye uwanjani, mimi nabaki dirishani na kaka yake. Kugawana watoto, kila mzazi na mmoja, ndiyo njia yetu. Mzazi uliye peke yako, mwombe rafiki au shangazi mapema, wiki mbili kabla, maana usiku huo kila mtu ana mipango.