Kabla ya kuongezewa dozi, angalia unavyomeza

Pole sana, dada. Unasema tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imelegea na haitoi homoni ya kutosha, unameza levothairoksini (dawa ya kufidia homoni hiyo) kwa mwezi wa 4 sasa, na bado uchovu, baridi na nywele kukatika haviishi. Hebu nikuulize: unaimezaje? Mimi nilikuwa naishushia na kahawa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kumbe vinaizuia isinyonywe vizuri. Imeze asubuhi kwa maji tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Vidonge vya damu na vya kalsiamu vipishe kwa saa 4. Baada ya wiki 6 hadi 8 rudia kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoonyesha kama dozi inakutosha. Omba karatasi ya majibu uione namba mwenyewe, usiridhike na “iko sawa”. Ukishika mimba, muone daktari mapema, kwani dozi mara nyingi huhitaji kuongezwa.