Muziki wa miji ya mashine

Swali la wiki: Mwezi uliopita umesikiliza muziki gani nyumbani, na ni bendi gani umeiona ikipiga jukwaani?

Ndugu Mhariri,

Nimesikiliza roki, kama ilivyo desturi yangu tangu ujana, na nimetoka kwenda kuona bendi Kampala na hapa hapa Jinja. Vijana wa mtaani kwangu Walukuba huniuliza, "Mzee, huu muziki wa wazungu unakupa nini?" Kwanza mizizi yake ni bluzi, na bluzi ni ya watu weusi wa Marekani. Pili, roki nzito ninayoipenda mimi ilitoka kwa watoto wa wafanyakazi, katika miji yenye moshi na makelele ya mashine. Walukuba ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Watu walikuja hapa kutoka kila upande wa Uganda, na wengine Kenya na Kongo, wakaelewana kwa Kiswahili. Kwa nini muziki wa namna hiyo uwe mgeni kwetu?

Mwezi niliuanza na Black Sabbath, bendi ya Waingereza wanne. Tangu mwimbaji wao Ozzy Osbourne afariki Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuwaaga mashabiki wake katika uwanja wa Villa Park, nimekuwa nikizirudia albamu zao za mwanzo kwa utaratibu, bila kuruka wimbo. Wote wanne walikulia Aston, mtaa wa wafanyakazi katika jiji la Birmingham. Ozzy aliwahi kufanya kazi machinjioni. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa kwenye kiwanda cha mabati. Alikuwa na miaka 17, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuingia kwenye muziki moja kwa moja, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi ni shoto, kwa hiyo huo ndio mkono wake wa kubania nyuzi.

Nimeshika vyuma karibu maisha yangu yote ya kazi, na kisa hiki hakinipiti hivi hivi. Msimamizi wake wa kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavigandisha ngozi juu yake ili visiteleze kwenye waya. Akatafuta nyuzi nyembamba. Kufikia albamu ya mwaka 1971 akawa anazilegeza pia, nusutoni tatu chini ya kawaida, zisimsumbue vidole, na gitaa likapata ule mngurumo unaosikika tumboni kabla haujafika masikioni. Dunia nzima ya metali, ndiyo hiyo roki nzito, imejengwa juu ya ubunifu wa kijana aliyekataa kuambiwa kwamba mkono wake umekwisha. Kila fundi wa karakana za Masese anafaa kukijua kisa hiki.

Na jambo jingine. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970, waliirekodi kwa siku moja, wote wakipiga pamoja kama vile wako jukwaani. Inasikika. Bill Ward anapiga ngoma kama mtu wa jazi, anaburuta kidogo, anawahi kidogo, na besi ya Geezer Butler inamfuata kila anakokwenda. Nilikuwa nasikiliza kwa spika ya mjukuu wangu, naye akaniuliza mbona mwendo unabadilika katikati ya wimbo. Nikamwambia ni kwa sababu wanaopiga ni watu.

Kutoka Birmingham nikahamia Kitwe. Wasiojua Zamroki, yaani roki ya Zambia, wanakosa mali ya Afrika yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na fedha ya shaba, na katika miaka hiyo ya sabini Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Vijana wa miji ya migodi waliokuwa wamekulia kwenye Jimi Hendrix, Rolling Stones na Deep Purple wakashika magitaa ya umeme, wakachanganya na midundo ya kwao, wengine wakaimba Kibemba na Kinyanja. Hao ndio bendi za WITCH na Amanaz, mpiga gitaa Paul Ngozi, na bendi ya Musi-O-Tunya ambao walihamia Nairobi wakapiga na kurekodi huko. Gitaa la WITCH lina fazi, yaani sauti iliyovurugwa makusudi, kali inayokwaruza kama msasa juu ya bati. Chini yake besi inacheza kabisa, na huwezi kukaa kitini. Albamu yao ya 1975 nimeirudia mwezi huu kuliko kitu kingine chochote, na nasema bila kusitasita kwamba inasimama bega kwa bega na zile za Waingereza.

Halafu bei ya shaba ikaanguka, maisha yakawa magumu, na baadaye UKIMWI ukapita katika bendi zile kwa ukatili. Katika kikosi cha mwanzo cha WITCH amebaki hai mmoja tu, mwimbaji Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari. Alifundisha, akachimba vito ardhini ili aishi, mpaka santuri za zamani zilipotolewa upya ng'ambo na watu wakaanza kumtafuta. Mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya. Nilipoisikia sauti yake, imekomaa lakini haijavunjika, nilikaa kimya muda mrefu.

Usiku nyumba ikilala, nasikiliza mwanamuziki wetu Geoffrey Oryema, mzaliwa wa Soroti. Baba yake, aliyekuwa waziri, aliuawa 1977, na mwana akatoroka nchi akiwa amefichwa kwenye buti ya gari. Albamu yake ya 1990, iliyosimamiwa na Mwingereza Brian Eno, ina Kiacholi na Kiswahili ndani yake. Ni muziki wa sauti ya chini, wenye nafasi nyingi, na kwangu ni mzito kuliko metali yoyote. Watu wa Afrika Mashariki tunapenda sana kumtaja Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar, na si vibaya, lakini Oryema aliibeba nchi hii ndani ya nyimbo zake, na redio zetu hazimchezi inavyostahili.

Sasa jukwaani. Jumamosi moja nilipanda taksi kwenda Kampala kuiona bendi ya Afrigo. Najua, Afrigo si roki. Lakini hao wamekuwa bendi tangu 1975, na Moses Matovu bado anasimama mbele na saksafoni yake. Kwa miaka mingi matamasha ya nchi hii yaliliwa na plebaki. Mwimbaji anapanda na maikrofoni, muziki unatoka kwenye diski, na watu wanalipa kiingilio kizima. Afrigo waliendelea kulipa mpiga ngoma, mpiga besi na wapiga tarumbeta. Usiku ule wimbo mmoja ulirefushwa kwa sababu watu waligoma kukaa. Matovu aliwageukia wenzake, akafanya ishara ndogo ya mkono, na bendi nzima ikarudi mwanzo wa kiitikio bila hata mmoja kujikwaa. Diski haijui ishara ya mkono.

Hapa Jinja nilikwenda kuwasikiliza vijana wanne kwenye baa karibu na mto. Wanapiga roki, nyingine za watu, nyingine za kwao, na mbili tatu wanaimba Kiswahili cha hapa mtaani. Dramu kubwa ilikuwa inatambaa mbele kila mpigaji akikanyaga pedali, mpaka mwenzake akaizuia kwa tofali lililofungwa kitambaa. Umeme ulikatika katikati ya wimbo. Gitaa na besi zikafa palepale, lakini kijana wa ngoma hakusimama. Alishusha sauti, akabaki na dramu ya mguu na matoazi, watu wakampigia makofi kwa mdundo ule ule, na jenereta ilipowaka wenzake waliingia mahali sahihi kabisa, kana kwamba ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nilimfuata baadaye nikamshika mkono. "Asante, mzee," akasema, "lakini tukiomba nafasi kwenye baa nyingine wanatuuliza kwa nini tusije na diski tu, tuje wawili badala ya wanne."

Wenye baa za Jinja, nawaomba kwa dhati: walipeni hao wanne. Mkiweza, nunueni seti moja ya ngoma ikae pale pale ukumbini, maana kuibeba kwa boda boda kunakula nusu ya malipo yao.

Na ninyi wasomaji wenye umri wangu, nina ombi. Zambia imeokoa historia yake kwa sababu kuna watu walitunza santuri na majina. Nakumbuka bendi zilizopiga katika klabu za wafanyakazi hapa Jinja tulipokuwa vijana, baadhi zikiwa na magitaa ya umeme yenye makali ya kweli, na sijaona mahali zilipoandikwa. Kama ulipiga katika moja ya hizo, au una picha, kanda, hata tangazo la dansi lililochakaa, liandikie gazeti hili. Tuanze na jina la bendi, waliopiga ngoma na besi, na ukumbi walipokuwa wakipiga.