Zimwi Lako Linakula Nini?

Kila baada ya wiki chache huja kijana dukani, akatoa fotokopi ya shilingi 10, akalipa, halafu akabaki amesimama. Huwa najua anachotaka. Anafungua begi, anatoa daftari, ananiambia anaandika fantasia. Ana falme saba. Ana ramani iliyopakwa rangi. Ana lugha ya mazimwi yenye herufi zake. Sasa anataka kujua aanzie wapi. Nami humtupia swali nililotupiwa zamani: zimwi lako linakula nini?

Swali lenyewe si langu. Nilipewa na mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, soko la Kibuye hapa Kisumu, siku ambazo nilikuwa na mswada wa kurasa 212 na kiburi cha kurasa 500. Jumapili moja nilimsomea sura ya kwanza huku akichagua taka kwenye omena. Nikasoma habari za mfalme, za babu yake mfalme, za vita vya vizazi tisa. Alikuwa akisikiliza na kupima kwa gorogoro, kile kikopo cha sokoni, akiongezea mteja kiganja kimoja juu, akirudi kusikiliza. Nilipomaliza akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hawa watu wako hawajatia kitu tumboni tangu uanze." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Umesema jeshi limekaa nyikani siku 40. Kuni wanatoa wapi? Na sufuria nani anasugua?"

Nilirudi nyumbani nikaupekua mswada wote. Kurasa 212, na hakuna mtu aliyetafuna, hakuna aliyedaiwa, hakuna aliyeumwa na jino. Mswada huo ninao bado. Nimeuweka chini ya printa, meza ina mguu mfupi upande ule.

Tangu hapo nimeandika riwaya mbili na hadithi fupi kadhaa, zote za mambo yasiyokuwepo, na ninalojua ni hili moja: msomaji hushawishiwa na ugali, si na zimwi. Ukimpa ugali ambao hautilii shaka, atakubali chochote unachoketisha mezani kuula.

Hilo nimefundishwa zaidi na kazi yangu kuliko na vitabu. Duka langu ni la kuchapa na kutoa fotokopi, hapa Kondele, na siku yangu kubwa ni Alhamisi. Maiti hutolewa mochari Ijumaa, msafara ukaelekea nyumbani, Jumamosi ikawa mazishi. Kwa hiyo Alhamisi jioni jamaa hupanga foleni wakiwa na picha ya marehemu na karatasi zilizoandikwa mbiombio. Nimechapa wasifu wa marehemu wengi kuliko riwaya nilizosoma, na karibu wote hufanana: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaugua kwa muda mfupi.

Usiku mmoja walikaa hapa ndugu watatu wakibishana juu ya wasifu wa baba yao. Mkubwa alitaka vyeo vyote viingie, hadi uweka hazina wa kamati ya maji. Wa kati alitaka majina ya wajukuu. Mdogo alikuwa kimya muda wote, mara akasema, "Andika kwamba kichwa cha samaki alitugawia kwa zamu, na zamu zenyewe aliziandika ukutani kwa makaa." Wote wakanyamaza. Mkubwa akatoka nje kidogo. Niliuchapa mstari huo, na mpaka leo nikikutana na mzee yule ahera nitamtambua, ingawa vyeo vyake nimesahau. Kiumbe chako cha ajabu nacho kinadai mstari wa namna hiyo. Pembe na mabawa ni vyeo tu.

Ukidhani haya ni mambo yangu ya dukani, rudi kwa wazee. Wajaluo wa Kano wamesimulia habari za Luanda Magere vizazi na vizazi: shujaa mwenye mwili wa jiwe, mikuki ya Wanandi ikimgonga na kuanguka chini. Mwandishi anayeanza hupenda hapo, na angetuandikia vita sita mfululizo. Lakini tazama siri inavyotoka. Haitokei vitani hata kidogo. Wanandi wanampa binti yao awe mkewe. Siku moja Magere anashikwa na ugonjwa, anamwomba mke amchanje ampake dawa, kama alivyofanyiwa mgonjwa yeyote wakati huo. Kisu kinagoma. Mke anajaribu tena, ngozi ni jiwe lile lile. Mgonjwa hana subira, anamwambia: chanja kivuli. Anachanja kivuli, damu inatoka. Mke anapeleka habari kwao, na vita vinavyofuata mkuki unarushwa kwenye kivuli, basi. Mwamba unaosemekana kuwa ndiye yeye upo hadi leo, na inasimuliwa kwamba wawindaji walinoa mikuki yao hapo kabla ya kwenda porini.

Soma tena hapo kati, polepole. Ajabu kubwa kuliko zote katika masimulizi ya ziwa hili imeegemea mtu anayeumwa na mke aliyeshika kisu cha dawa. Toa ugonjwa, hadithi inakufa.

Pwani nako, Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Silaha haimpati mpaka mwanawe mwenyewe anapomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Sawa, hiyo ndiyo sehemu inayojulikana na kila mtu. Mimi napenda zaidi alivyotoroka gerezani. Alituma neno kwa mama yake kwa wimbo, mama akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Kwa nini wishwa? Kwa sababu mikate mizuri askari wangeila wenyewe, wakamwachia mfungwa ule wa makapi. Kisha usiku wa ngoma ya gungu, kelele za ngoma zikafunika mlio wa tupa ikikata pingu. Aliyetunga hapo alijua askari jela walivyo. Angekuwa mvivu angemtoa shujaa wake kwa kuvunja ukuta.

Basi mimi nina daftari dogo naliita daftari la bei. Kila nguvu ya ajabu ninayoibuni naiandikia mistari miwili: inagharimu nini, na nani anayelipa. Bei ambayo analipa mwenye nguvu peke yake huwa hainifikishi mbali, ataumwa kichwa, atazeeka, yamekwisha. Bei nzuri ni ile inayoangukia majirani.

Nitoe mfano. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wa Ghuba ya Winam, upande wetu wa ziwa, hutoka na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, omena wakaufuata mwanga. Ukisimama ufukweni Dunga usiku wa namna hiyo utadhani kuna mji umejengwa ziwani. Mbalamwezi ikiwa pevu, mwanga wa taa haushiki, mashua nyingi zinabaki nchi kavu. Nikabuni mwanamke anayeweza kuufunika mwezi. Vizuri. Daftari likauliza bei. Nikajaribu kumpofusha jicho moja, haikunoga. Nikajaribu bei nyingine: kila usiku anapoufunika mwezi, maziwa ya kijiji kizima yanaharibika kabla ya asubuhi. Hapo hadithi ikainuka yenyewe. Wenye mashua wakamtetea, wenye ng'ombe wakaja na fimbo, chifu akaitisha baraza, na shemeji zake wakajikuta pande mbili. Sikuhitaji jeshi.

Tena nikakwama katikati, majuma matatu hivi. Aliyenikwamua ni yule yule mama wa Kibuye, bila kujua. Alilalamika kwamba Aprili imekaribia, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Nikajiuliza: huyu mwanamke wangu miezi minne hiyo atakula nini, na waliomwogopa watamsalimia? Nusu ya pili ya kitabu ilitoka hapo.

Kuhusu maneno. Usiyachanganye mazimwi na majini na mizimu kana kwamba ni samaki wa kapu moja. Mzimu ana ukoo, unaweza kumkosea adabu. Jini ana makazi na masharti. Zimwi lina njaa. Mchawi na mganga nao ni kazi mbili, mmoja anaogopwa, mwingine analipwa, na ukiwachanganya msomaji wa Siaya au wa Lamu atafunga kitabu. Neno la kwetu lisilo na mwenzake katika Kiswahili liache lilivyo. Mimi naandika jajuok, yule anayekimbia usiku akirusha mawe kwenye mabati ya watu, na sentensi mbili za jirani yake zinatosha kumweleza. (Niliwahi kumwandika jajuok ambaye mchana ni mwalimu wa hesabu na husinzia ubaoni. Ndiyo hadithi yangu iliyopendwa kuliko zote, na niliiandika kwa utani.)

Walio Nakuru hawana haja ya kuja ziwani kwetu kutafuta. Kreta ya Menengai iko juu ya mji, na masimulizi ya Wamaasai yanasema mvuke unaofuka mle ni roho za wapiganaji waliotupwa humo kwenye vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Mvuke huo huo sasa unachimbwa ili uzalishe umeme. Roho zinazochemsha chai ya watu mjini! Mtu akikaa Nakuru akaniambia hana wazo la hadithi, humtazama tu.

Saa za kuandika: zangu ni saa 10:30 alfajiri hadi 12, kabla duka halijafunguliwa. Naandika kwa kalamu, kwa sababu umeme una hiari yake na kompyuta za duka zina virusi vya flashi za watu. Sura sita zilipotea hivyo mwaka fulani. Nilipoziandika upya zikawa nne, na sijawahi kukumbuka kilichokuwamo katika zile mbili. Nikimaliza ukurasa nausoma kwa sauti, mke wangu amezoea.

Kuchapisha ni kugumu, nisikudanganye. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi 14, kisha akauliza kama wahusika wangeweza kuacha uganga ili kitabu kifikiriwe kwa shule. Nilikasirika sana. Leo naona mhariri yule alikuwa akinieleza soko lilivyo: hapa Kenya kitabu cha Kiswahili kikikosa kuingia shuleni, wanunuzi wake ni wachache. Sikuutoa uganga, lakini nilianza kuandika hadithi fupi kwa ajili ya diwani, na mlango huo ukafunguka mapema kuliko ule wa riwaya. Anza huko. Na kipengele cha mrabaha katika mkataba, yaani fungu lako la mauzo, kisome mara tatu, hata kama umefurahi.

Kijana wa mwisho kuja alikuwa yule wa falme saba. Nilimuuliza swali, akaondoka amenuna. Alhamisi iliyopita akarudi.

"Linakula ugali wa jana," akasema.

"Kwa nini wa jana?"

"Linaishi chini ya kitanda cha watu. Ugali wa leo watoto wanaumaliza."

Nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia akae pale kando ya printa aliandike hilo kabla halijamtoka. Foleni ya wasifu ilikuwa imefika mlangoni.