Kabla ya Kununua Mashine ya Kukaza Bolti, Pima Msingi

Mwenye kampuni ndogo ya kusimamisha fremu za chuma akiniuliza aanze na mashine gani, mimi humuuliza kwanza kama anajua bolti zake za msingi, zile zinazofungiwa ndani ya zege ili zishike nguzo, zimekaa wapi baada ya zege kukauka. Swali hilo nililipia. Katika ghala moja tulilojenga Dar es Salaam tulikwenda na spana za umeme zinazojizima zenyewe nguvu ikitimia, nami nilikwisha kuhesabu siku tutakazookoa. Kreni iliposhusha nguzo ya tatu, sahani yake ya chini yenye matundu ya bolti ilikataa kuingia, kwa sababu wakati wa kumimina zege bolti moja ilisukumwa milimita 11 na hakuna aliyeipima. Mafundi wakashika mtaimbo na gesi ya kukatia, spana zikalala siku mbili ndani ya masanduku.

Fundi hodari hurekebisha makosa ya waliomtangulia kimyakimya, ndiyo maana sisi wa ofisini hatuyaoni. Mashine haifichi makosa hivyo: bolti ya milimita 20 hupita katika tundu la milimita 22, na nafasi hiyo ndogo ikishaliwa, spana ya bei yoyote haina la kufanya. Kampuni ya Shimizu ya Japani, ilipojenga jengo refu mjini Nagoya mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mfumo uliosafirisha nguzo na mihimili na kuichomelea kwa roboti, ilibuni upya hata maungio ya vyuma ili yahitaji marekebisho machache. Hapo ndipo pa kuiga, roboti zitasubiri.

Kwa hiyo tengeneza kigezo cha bamba la chuma chenye matundu yale yale ya sahani ya nguzo, ukifunge juu ya bolti kabla ya zege, ukiache mpaka zege igande, kisha upime kila bolti upya. Matundu ya mihimili yatobolewe karakanani kwa mashine inayosoma mchoro wa kompyuta, na fedha ya kwanza ya kununulia mashine iende huko. Nguzo zinyooshwe wima asubuhi mapema, kabla jua halijarefusha mihimili: mhimili wa mita 30 hurefuka takriban milimita 7 joto likipanda nyuzi 20.

Katika ghala lililofuata spana zilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Fundi wetu mkongwe alikuja na mtaimbo wake vilevile, na kwenye nguzo ya tisa tulimwita.